Nyumba Yetu Ilivyoacha Kuvuja Joto

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili alasiri, Mei 2019

Mwanangu Zawadi,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Furaha, na kwa jinsi ninavyomjua yeye na maneno yake, hutarudi kabla jua halijazama. Baba yako amesinzia kwenye kiti chake karibu na dirisha la kaskazini, jua limemfika magotini. Nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie sasa, maana kesho asubuhi mambo yatakuwa mengi, na mimi nikiwa na mengi moyoni huwa naishia kumuuliza mtu kama amekula.

Habari za kula sitakuandikia. Wala za kufunga mlango, wala za wanaume, wala za kunipigia simu. Hayo nimekuimbia tangu ulipojua kutembea. Kama hayakuingia kwa masikio, kwa karatasi hayataingia. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa wewe mwenyewe hunijibu kwa Kiingereza, kwa sababu ninayotaka kusema yakivuka kwenda Kiingereza yanafika yamechoka. Najua utasoma polepole, ukitamka kila neno kwa sauti. Soma hivyohivyo. Usimpe mtu akutafsirie.

Unakwenda Harrismith kufunga mitambo ya kupasha maji kwa jua. Kanisani leo wameniuliza kama sikuonei huruma, binti peke yake, mji wenye milima inayoanguka theluji. Nimecheka. Nimewaambia, mwanangu na baridi wanafahamiana siku nyingi, na mara ya mwisho walipopigana aliyeshindwa hakuwa mwanangu. Lakini hiyo habari umeijua kwa upande wako tu, ukiwa juu ya dari. Upande wangu, wa huku chini, sijakusimulia vizuri.

Nilipofika nchi hii nilikuwa bibi harusi wa Kilosa mwenye sweta moja. Baba yako alikuwa amekaa uhamishoni kwetu Morogoro miaka mingi, akakijua Kiswahili mpaka kile cha kubembelezea bei ya nyanya, na jioni alikuwa akinisimulia kwao. Alinisimulia treni, uwanja wa mpira, nyimbo za msibani, alinisimulia hata mbwa wa jirani yao. Hakunisimulia mwezi wa Juni. Nilishuka kwenye basi nimevaa khanga na ndala, nikadhani ninaumwa. Gogo wako, mama yake baba yako, alinitazama tu, akavua gauni lake zito la nyumbani akanivika palepale mbele za watu, yeye akabaki na sketi.

Kwa Gogo, kule Soweto, nilikuwa mjinga wa kila kitu. Asubuhi moja shangazi yako alipita akaniambia nizime kitu fulani, na kwa masikio yangu nikasikia "zima giza." Nikasimama pale nikijiuliza, giza linazimwaje, tena asubuhi kweupe? Kumbe ni "geyser" ya Kiingereza, ndivyo wenyewe wanavyoliita tangi la kupasha maji ya kuoga. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Hata sasa tukitoka nyumbani bado ananiuliza, "Mama Zawadi, giza umezima?" na wewe ulikua ukidhani ndiyo salamu ya Watanzania.

Gogo alikuwa na jiko la makaa ya mawe jikoni. Kabla ya kuliwasha alifunga milango ya vyumba vyote vingine, akasukuma mikeka mikuukuu chini ya milango hiyo, akaacha upenyo mdogo wa dirisha juu ya jiko kwa ajili ya hewa, kisha akatuita wote jikoni. Tulikaa humo kama vifaranga. Mimi niliutazama moto. Niliona jinsi alivyoupanga, jinsi alivyouchokoa, nikasema nimejifunza. Ile mikeka chini ya milango sikuiona kabisa. Nilikuwa na macho ya moto tu, na hayo macho yalinigharimu baadaye.

Tulipohamia nyumba hii ya Rosettenville, ilikuwa Januari. Dari refu, madirisha makubwa, sakafu ya mbao inayolia ukipita. Nikaona nimeingia ikulu. Juni ilipofika, ikulu ikawa friji. Basi nikafanya ninachokijua: nikaongeza moto. Nilinunua hita ya waya zinazowaka nyekundu. Haikutosha, nikanunua nyingine ya mafuta. Nikaacha mlango wa oveni wazi baada ya kupika. Siku moja plagi ya ukutani ikayeyuka kama peremende, ukuta ukabaki na doa jeusi ambalo nililificha kwa kalenda. Kila mwaka nilijiambia tatizo ni kwamba moto bado mdogo.

Halafu kazi ya baba yako kule ghalani ikaisha. Ulikuwa darasa la kumi na moja. Unakumbuka nilivyogeuka? Mtu aliyekuwa akiwasha kila kitu akawa askari wa kuzima kila kitu. Nilikuwa napita chumba hadi chumba nikigusa swichi. Tangi la maji nilizima, tukawa tunaoga kwa birika. Hita zote nilizifungia kabatini, na ufunguo nikauvaa shingoni. Nilikuwa nikiitazama mita pale ukutani, jinsi uniti zinavyoshuka taratibu, na kule kushona kwangu nikawatambia wateja kwamba nyumba yangu haijui bili ya majira ya baridi. Na nilijisikia hodari, mwanangu. Hilo ndilo lililoniponza. Shida ilikuwa imetuingia mlangoni, na mimi nilikuwa nimeipa jina la akili.

Jioni moja baba yako alikuwa amekaa pale alipokaa sasa. Alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, lakini ukimuuliza anasema, kama wasemavyo watu wa huku wakiwa wazima, "Niko sharp, mke wangu." Akanitazama, akasema taratibu, "Mama Zawadi, leo tuwashe kidogo?"

Nilikuwa napiga pasi sare ya mtu. Sikuinua hata uso. Nikamjibu, "Vaa koti."

Akanyanyuka, akavaa koti, akarudi kukaa. Hakuniuliza tena, wala siku iliyofuata.

Wewe ndiye uliyemsikia akipumua vibaya, ukatuamsha, ukaenda kumgongea jirani yetu Senhor Tavares atutolee gari. Mengine unayajua. Homa ya mapafu, yote mawili. Daktari yule kijana alinivuta pembeni ya wodi, akaniuliza nyumbani kukoje. Nikamwambia ni kuzuri, nyumba ya matofali. Akaniuliza ukuta wa chumbani una ukungu? Ulikuwepo, mweusi, nyuma ya kabati, na nilikuwa nausugua kila mwezi. Akasema, "Mama, tutamtibu atapona. Lakini ukimrudisha kwenye baridi na unyevunyevu, nitamwona tena hapa, na sitaki kumwona tena."

Kwenye teksi ya kurudi nililia nimejifunika mtandio. Wewe hukulia. Ulikuwa unatazama nje ya dirisha, unazitazama nyumba za watu, mabati yao, mabomba yao ya moshi. Nilidhani hujali. Nilikukasirikia kwa hilo, na sikukwambia.

Kesho yake nikakukuta unazunguka nyumba mchana na mshumaa unaowaka. Unausogeza taratibu kwenye fremu ya dirisha, kwenye mlango, kwenye kona, huku midomo umeibana. Nikasema basi, mtoto kachanganyikiwa, au kaingia dini nyingine. Nikakuuliza, "Zawadi, unaomba nini?"

Ulinishika mkono ukanipeleka kwenye dirisha la chumbani, ukasogeza mshumaa karibu na mbao. Mwali ukainama wenyewe, ukalala upande kama mtu aliyepigwa kibao. Ukaupeleka chini ya mlango, ukazimika. Kisha ukanionyesha dari, ukasema maneno ambayo sijayasahau, nusu Kiingereza nusu chetu: "Mama, tunanunua joto, halafu tunalitupa nje. Huko juu hamna kitu. Ni bati tu."

Shuleni Kilosa nilikariri "usipoziba ufa utajenga ukuta" mpaka nikapewa alama zote. Niliiandika kwenye insha za tabia njema, za urafiki, za uchumba. Haikunijia hata siku moja kwamba ufa ni ufa. Kwamba mtu anaweza kuchukua kitambaa akauziba.

Siku hiyo niliufungua mfuko wangu wa vipande vya nguo, ule ambao wewe ulikuwa ukinicheka kwamba naficha hazina ya panya. Nikashona mito mirefu myembamba ya kulala chini ya milango, nikaijaza vipande. Ukaiita nyoka, na jina likabaki. Nikachukua mablanketi mawili mazito nikayageuza mapazia ya chumba cha baba yako, marefu mpaka sakafuni. Wewe ulikuwa unaziba fremu kwa utepe wa sponji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apelekwe hospitali kwamba mikono yangu ilikuwa na kazi ya kumsaidia.

Kisha ukasema unapanda darini.

Senhor Tavares, Mungu ampe afya, aliijenga nusu ya mtaa huu kabla magoti hayajamkatalia. Alikuwa na magodoro ya nyuzi za kioo yaliyobaki kwenye gereji yake, yale ya kutandika juu ya dari kuzuia joto lisipande. Alitupatia kwa moyo mmoja. Lakini aliposikia nani anakwenda kuyatandika, alitikisa kichwa, akakwambia kwa Kiingereza chake chenye Kireno ndani. "Hapana, menina. Hapana. Wewe vunja shingo, baba yako toka hospitali, niua mimi."

"Basi wewe nionyeshe boriti zilipo," ukamwambia. "Mimi nitakanyaga boriti tu."

Ndipo mzee wa watu akasimama chumbani kwangu na fimbo ya ufagio, anagonga dari kutokea chini. "Hapa! Sasa hapa! Si hapo, hapa!" Na wewe huko juu umejifunga mtandio wangu usoni, soksi mikononi juu ya glavu, unatambaa na magodoro. Mimi nimekaa kitandani nimeshika ngazi ambayo haikuwa na mtu, nasali.

Mara kishindo, vumbi, na mguu wako ukatokea kwenye dari juu ya kitanda changu. Mguu mzima mpaka gotini, na raba yako ya shule, unaning'inia, unachezacheza kutafuta pa kukanyaga. Senhor Tavares akapiga ishara ya msalaba. Akasema, "Nilisema hapa!"

Nawe huko juu ukaita, "Mama, niko sawa! Usiangalie juu!"

Nilicheka, Zawadi. Nilicheka mpaka nikaanguka ubavu. Mume wangu yuko wodini, dari limetoboka, na mimi nacheka kama msichana, na mzee naye akaanza, mpaka akaegemea ufagio wake. Nadhani kule kucheka ndiko kulikonirudishia nguvu. Uliposhuka ulikuwa unajikuna kama mtu aliyepita kwenye upupu, macho mekundu, nywele nyeupe za vumbi, na ulikuwa umemaliza nyumba nzima. Tangi la maji nalo ulikuwa umelivika blanketi lake na mabomba yake umeyafunga. Nikakuuliza mbona hukufungua ule mfuniko wa tangi kurekebisha moto wake. Ukasema, "Mle kuna umeme. Umeme sijui. Tutamwita anayejua." Msichana wa shule, amechoka, amefika mpaka pale, anajua mahali pa kusimama. Mimi nilikuwa na umri mara mbili yako na sikuwa nimelijua hilo bado.

Kwamba sikuwa nimelijua, ulikuja kuliona siku ya tatu yake, kabla baba yako hajatoka.

Nilikuwa nimeona bado haitoshi. Si unajua macho yangu ya moto. Nikaenda kwenye duka la vitu vilivyotumika nikarudi na hita ya gesi, na mtungi wake nikajaza. Niliisukuma sebuleni nikiwa na furaha, nikatafuta kiberiti. Ukaniambia subiri. Ukachanganya maji na sabuni ya vyombo kwenye kikombe, ukachukua brashi yangu ya kupaka gundi, ukapaka kwenye mpira wa gesi na pale unapoungana na mtungi, ukaufungua mtungi kidogo sana. Mapovu yakaanza kuota. Madogo, kama ya mtoto mchanga mdomoni.

Ukafunga mtungi. Ukasema mpira umepasuka, hita isiwashwe mpaka ubadilishwe na fundi aikague.

Nikasema nitaufunga kwa utepe. Ukasema hapana. Nikasema nitafungua dirisha. Ukasema hapana. Hapo nikapandisha. "Nani kakufanya wewe fundi? Mimi nimewasha moto kabla hujazaliwa! Baba yako anakuja kesho, unataka alale kwenye barafu?" Na mengine, ambayo sitayaandika. Nikakuamuru uondoke mbele ya ile hita.

Hukusogea. Kila siku ukikasirika unakimbilia Kiingereza, kinakutoka kama maji. Siku hiyo ulikiacha. Ulitafuta Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayetafuta mawe ya kukanyagia mtoni, ukaniambia: "Mama. Hii gesi itaua sisi. Mimi hapana ondoka hapa."

Kilikuwa Kiswahili kibovu kuliko chote nilichowahi kusikia ndani ya nyumba hii. Na kiliniingia kuliko mahubiri. Nikaona kwamba umekuja kunikuta upande wangu, kwa lugha yangu, huku unaogopa, ili tu nisikie. Nikainama nikagusa mapovu kwa kidole. Nikakiweka chini kile kiberiti. Tukaisukuma hita pamoja mpaka uani, wewe mbele mimi nyuma.

Baba yako alirudi Julai, siku ambayo nyasi za nje zilikuwa bado nyeupe kwa baridi saa nne ya asubuhi. Tulikuwa tumefungua mapazia tangu jua lilipochomoza ili liingie, na hita ile ya mafuta, moja tu, tumeiwasha kidogo halafu tukaizima. Aliingia ananishikilia bega. Akasimama katikati ya chumba. Alikuwa na koti, na skafu, na kofia. Akavua kofia. Akasimama kidogo. Akavua skafu. Akageuka akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha nyanya, "Mke wangu, nani ameleta Morogoro humu ndani?"

Nilikuonyesha kwa kidole tu. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni na mikwaruzo yako, unatazama chini, unajifanya unasukuma nyoka kwa mguu.

Ungedhani baada ya hapo ningekuwa nimekuelewa. Sikukuelewa. Ulipomaliza shule nilikutafutia kazi ya mapokezi kule Randburg, kwenye ofisi ya vioo. Nilikushonea suti ya kijivu kwa mikono yangu. Jioni ulikuwa unarudi nakuuliza mambo yalikuwaje, unasema "sharp, Mama," kwa sauti ileile ya baba yako ya kikohozi, na mimi sauti hiyo nilipaswa kuijua. Nilitaka kukuona umekaa safi nyuma ya meza, kwa sababu mama yangu alilima, na mimi nimeinama kwenye cherehani maisha yangu yote. Ulipokuja kuniambia umeacha, unakwenda chuo kusomea ufundi bomba, nilikasirika nikakunyima maneno. Nilikuwa nakupakulia chakula bila kukutazama. Nilijiambia nakulilia wewe. Nilikuwa najililia mimi, na ile suti.

Baba yako hakunigombeza. Alisema tu, akiwa anakunywa chai, "Mama Zawadi, mimi ninapumua humu ndani kwa sababu mtoto huyu alipanda darini. Wewe unataka ashuke?"

Jioni hiyo nikakuta ovaroli lako la chuo limeanikwa. Ni la kiume. Mabega yanakuangukia, kiuno kinaelea, miguu umeikunja mara nyingi kama bomba la kumwagilia. Nikalichukua. Nikalifumua, nikalipunguza kiunoni, nikaliongeza nyongani ili uweze kuchuchumaa, nikaweka viraka vya turubai magotini kwa ajili ya kutambaa. Nikaliacha juu ya kitanda chako. Asubuhi ulilivaa, ukaja jikoni ukachuchumaa mbele yangu, ukasimama, ukachuchumaa tena. Ukasema, "Linakubali." Nikasema, "Uji unapoa." Hivyo ndivyo tulivyopatana, mimi na wewe, na sijui watu wengine hupatana vipi.

Kuna siku moja nyingine nataka uijue. Ulikuwa umekwenda saluni kwa Mama Furaha kuangalia tangi lake, kwa sababu umeme wake ulikuwa unakwisha kama maji kwenye pakacha. Ulikuta koki ya maji moto inadondoka ukutani nyuma ya kabati, mchana na usiku, miezi na miezi, tangi linapasha maji ya kumwagika. Ulibadilisha kile kipira kidogo ndani ya koki, ukaenda zako. Wiki iliyofuata nilipita pale kupeleka gauni. Saluni imejaa. Mama Furaha akapaza sauti na kile Kiswahili chao cha Bukavu: "Mama Zawadi! Ule mutoto wako ni fundi ya kweli! Maji iko moto, na umeme haikimbie tena!" Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mmoja akaniuliza, "Ni mtoto wako wa kiume?"

Nikasema, "Ni binti yangu." Nikalisema tena, ingawa walikuwa wameshasikia. Nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele, na kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nilisimama taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena, sijavuka.

Kama kuna nilichojifunza katika haya yote ni kidogo, na kimenichelewea. Kubana na kutunza vinafanana ukiviona kwa mbali, na mimi nilivichanganya. Niliwabania watu wangu joto nikidhani naitunza nyumba, wakati nyumba inavuja kila upande. Utaingia katika nyumba nyingi huko uendako. Utakuta mama ameficha hita, utakuta baba amevaa koti mezani, na wote watakwambia wako sharp. Wewe una sikio la kusikia pumzi ya mtu ukiwa chumba cha pili. Hilo hawakukufundisha chuoni. Na siku utakayokuwa peke yako na baridi imekushika, mtu akikuuliza hali, usimjibu kama baba yako. Sema unaona baridi. Si aibu.

Na kama siku moja utakuwa na uhakika kuhusu jambo la hatari, na mtu mkubwa mwenye sauti kubwa akakuamuru uondoke, hata akiwa ni mimi, simama kama ulivyosimama siku ile. Niliyokutamkia siku ile niliyatamka kwa hofu. Leo nakutamkia kwa akili timamu: ulikuwa sahihi, na mimi nipo hai kuandika haya.

Ombi langu ni moja. Kile kisanduku cha zana cha chuma, ambacho baba yako amekununulia, amekuwa akikitoa na kukirudisha wiki nzima. Anapaka spana mafuta, anazifuta, anazipanga upya. Jana alidhani niko uani. Nikamwona kwenye mlango amekiinua, akakiweka chini, akapumua, akakiinua tena, akatembea nacho mpaka kwenye kabati na kurudi. Anafanya mazoezi. Kesho atataka kukubebea mpaka kwenye gari, na gari la kampuni haliwezi kuingia huku ndani, litasimama kule kwenye kona.

Ni kizito kwake, najua. Wewe unakiinua kwa mkono mmoja. Utamwona anasimama getini, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Usimpokonye, mama. Simama naye, ongea habari za mpira, mpaka pumzi imrudie. Kisha mwache atangulie mbele yako, mtaa mzima umwone.

Ni mimi mama yako, ninayejivuna kuitwa kwa jina lako.